Mama Njeri, Nimepinga Nyumba ya Watoto Wako

Kwako Mama Njeri, huko uliko,

Nimeiahirisha barua hii mara nyingi. Kila nikikaa kuiandika, mama ananiita, au maji yanarudi mferejini na lazima nijaze mitungi kabla hayajakatika tena, au nakuwa tu nimechoka, ule uchovu ambao hata ukilala unaamka nao. Lakini naona afadhali habari hii uisikie kwangu. Nimepinga nyumba ambayo watoto wako wanataka kujenga kwenye ploti yako. Niliandika kwa jina langu kamili, nikatia sahihi, halafu nikasimama mbele za watu nikasema sikubali. Njeri alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakugeuka kunitazama.

Najua utaniuliza kwa nini. Wewe ulikuwa mtu wa kuuliza kwa nini hata ukiambiwa chai imeiva.

Acha nianze mbali kidogo. Nimechoka kuanzia katikati, maana huko kwenye ofisi ya mipango ndiko walikonilazimisha kuanzia.

Unakumbuka jinsi ulivyotupata? Tulikuwa tunaishi mtaa wa Kianda, chumba kimoja, sisi watoto chini na wazazi nyuma ya pazia. Baba alikuwa anatengeneza vitanda na makabati kando ya barabara, upande wa mtaa wa Olympic. Wewe ulikuwa umetoka kumwona dada yako mtaani Ayany, ukapita pale, ukasimama mbele ya kabati ambalo baba alikuwa bado hajalipiga vanishi. Ukafungua mlango, ukaufunga, ukaufungua tena. Ukamwambia akuletee nyumbani kwako Kawangware likikauka. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka nilivyotembea nyuma ya mkokoteni nikiwa nimeshika droo moja kama mtoto mchanga, maana baba aliogopa ingeanguka njiani.

Kwako kulikuwa na ng'ombe. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona. Ng'ombe ndani ya Nairobi, anatafuna majani kama yuko nyumbani kwetu Bungoma, na nyuma yake safu ya nyumba za mabati za wapangaji wako, na ua wa miba kuzunguka kila kitu. Ulitupa chai ya maziwa mengi. Ukamuuliza baba, "Na wewe watoto wako wanalala wapi?" Baba akakwambia ukweli.

Baadaye ukamuuzia kile kipande chembamba kilichokuwa upande wa chini wa ua, mahali ulipokuwa ukipanda viazi. Alilipa polepole, kwa fedha na kwa mbao. Mumeo alikuwa ameshafariki, na shemeji zako walikuja kukugombeza. Mimi na Njeri tulikuwa tumejificha nyuma ya zizi tukisikiliza. Mkubwa wao alisema, "Unauzaje shamba la familia kwa mtu ambaye hatujui hata kwao ni wapi?" Nawe ukamjibu, "Kwao ni hapo, upande ule wa ua. Mkitaka kumjua, nendeni mkamsalimie."

Hawakwenda. Lakini baba alijenga.

Alijenga kwa mawe aliyonunua kidogo kidogo, bila injinia, bila ramani, kwa macho yake tu na kamba yenye uzito mwishoni. Kwa kuwa kipande kilikuwa chembamba na nyuma kulikuwa na ukuta wa jirani mwingine, madirisha yote aliyaelekeza upande wako. Alikuja kwanza kukuuliza kama utaudhika tukikutazama. Ukacheka ukasema, "Bora mimi pia niruhusiwe kuwatazama."

Basi tumetazamana maisha yangu yote. Mama akikufundisha kupika mrenda, nawe ukidai unateleza vibaya kooni lakini ukirudi na sahani. Wewe ukimfundisha mama kuponda mukimo, naye akisema kimyakimya kwa Kibukusu kwamba hii ni kazi ya kupoteza viazi. Mlinuniana kwa sababu ya kuku wenu kuchanganyika, mkapatanishwa na kuku mmoja mliyemchinja pamoja kwa sababu hakuna aliyejua ni wa nani. Ulipojua jina langu, Nafula, ni la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, ukasema kwenu mtoto huyo anaitwa Nyambura, na tangu siku hiyo hukuniita kingine.

Na ule mwaka wa uchaguzi, mtaa ulipowaka na watu wakaanza kuulizana majina ya ukoo kabla ya kusalimiana, ulipita kwenye tundu la ua ukiwa umejifunga leso kiunoni, ukachukua magodoro yetu wewe mwenyewe. Tulilala kwako. Vijana walipokuja langoni ulitoka nje na kiti, ukakaa. Nilikusikia kupitia mabati. "Humu kuna familia yangu. Mnataka nini na familia yangu?" Walisimama hapo wakizungumza na wewe kwa heshima ya uongo, kisha wakaenda zao. Uliporudi ndani ukaomba maji.

Hayo yote, Mama Njeri, sikuruhusiwa kuyaandika kwenye pingamizi.

Ulipofariki, Njeri na ndugu yake Kimani walikaa na msiba muda wa kutosha. Siwezi kusema waliharakisha. Halafu wapangaji wakapewa notisi, nyumba za mabati zikabomolewa, ua ukang'olewa, na asubuhi moja kibao kikapigiliwa misumari kwenye lango lako. Mama alisikia nyundo. Macho yake yamefifia sana siku hizi. Anaona mwanga na anaona vivuli, watu anawajua kwa mlio wa miguu yao. Akaniita.

"Kimeandikwa nini?"

Nikamsomea. Wenye ploti wanaomba kubadilisha matumizi ya ardhi, wanakusudia kujenga fleti za ghorofa nane, mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Nane," akasema. "Zitasimama wapi?"

Nilitazama. Zingesimama mpaka ukingoni kabisa, pale ua ulipokuwa, mbele ya kila dirisha tulilo nalo. Msingi ungechimbwa kando ya ukuta ambao marehemu baba aliujenga kwa kamba. Na bomba la maji taka la njia yetu unalijua wewe, ulilipigia kelele maisha yako yote. Mvua ikinyesha vizuri linatapika mbele ya kanisa. Sasa liongezewe watu wa ghorofa nane.

Mama hakulia. Aliniambia, "Nenda kawaambie." Mimi ndiye niliyekaa nje nikashika kichwa. Kwa sababu kuwaambia kulikuwa na maana ya kumwambia Njeri, na Njeri ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja wakati mama alipolazwa, niliyesimama kando yake kanisani akiolewa, niliyemshika kiuno siku tulipokuzika asije akaanguka.

Nilimpigia simu. Nilidhani tukizungumza kama zamani tutapata njia.

"Njeri, nimeona kibao."

"Ee. Ni kitu tumepanga kitambo na Kimani."

"Hamkutuambia."

"Kwani lazima tuombe ruhusa kwa jirani? Nafula, mimi nina watoto chuoni. Hiyo ploti ndiyo mama alituachia. Nifanye nayo nini, nipande viazi?"

Lilikuwa swali la haki. Nikamwambia kuhusu madirisha. Akasema ataongea na Kimani.

Aliyekuja ni Kimani mwenyewe. Unamjua Kimani wako, hawezi kuwa mbaya na mtu ana kwa ana. Alikuja na mkate na maziwa kwa ajili ya mama, akakaa kwenye ngazi yetu kama alivyokuwa akikaa akiwa mdogo.

"Sasa Nafu. Nasikia unataka kutushtaki."

"Sijamshtaki mtu. Nauliza tu mtatuachia nafasi gani."

"Sista, hii mtaa imebadilika. Angalia huko barabarani, kila mtu anajenga. Sisi tukikaa na mabati watu watatucheka. Na nyinyi pia mnaweza kuuza. Niko na msee anaweza kununua hapa bei poa kabisa, mumtafutie mathe nyumba fiti huko kwenu Western, apumzike."

Mama alikuwa ndani, akamjibu kupitia dirishani. "Kimani, mimi nimepumzika hapa."

Akacheka kidogo, akaaga, akaenda. Mkate aliuacha.

Nikaanza kuzunguka kwa majirani. Niliamini halingekuwa jambo gumu, kwa sababu kwenye kibanda cha mama wa mboga kila mtu alikuwa akilalamika. Maji hayatoshi, njia ni nyembamba, moto ukishika gari la zimamoto litapita wapi? Lakini nilipotoa karatasi, mikono ilirudi mifukoni. Wapangaji waliniambia wazi: tukitia sahihi, landilodi wetu atatuona wabishi, na yeye pia anataka kujenga. Baba Shiro, yule wa ploti ya kona, unamkumbuka alivyokuwa akikukopa majani ya ng'ombe, alinikaribisha, akanipa soda, akasikiliza kila neno.

"Mambo unasema ni ya ukweli, Nafula," akasema. "Lakini mimi nikiweka sahihi leo, mwaka ujao nikitaka kupandisha ghorofa yangu, nitasema nini?"

"Kwa hiyo unataka kupandisha?"

"Sijui kama nitapandisha. Lakini sitaki kujifungia mlango."

Nilirudi nyumbani na sahihi chache, nyingi za watu ambao hawana cha kupoteza. Mama mwenye chekechea ya njia yetu aliweka yake. Mama yangu aliweka kidole gumba, akauliza kama kimekaa sawa.

Pingamizi lenyewe nililiandika usiku na mchana kichwani kabla halijafika kwenye karatasi. Niliandika kuhusu kabati na mkokoteni. Niliandika kuhusu shemeji zako, na jinsi baba alivyokuja kuomba ruhusa ya madirisha, na wewe ukiwa umekaa langoni na leso kiunoni. Nililipeleka ofisini nikiwa na hakika kwamba mtu yeyote akisoma ataelewa. Aliyepokea ni msichana mpole, ana umri wa kuwa binti yangu. Alisoma yote. Kwa hilo namshukuru, alisoma yote huku foleni ikiwa ndefu nyuma yangu.

"Madam," akaniambia kwa sauti ya chini, "haya ni maisha yenu, nimeyasikia. Lakini hapa mezani hayana mahali pa kuwekwa. Niandikie mwanga. Niandikie hewa, maji taka, msingi, njia. Hayo ndiyo watajibu."

Nikakaa kwenye benchi nikaandika upya. Mwanga. Hewa. Maji taka. Msingi. Njia. Ikawa karatasi moja tu. Nilipoimaliza nikaisoma, nikaona kwamba humo ndani hatukuwahi kuwa majirani. Humo mimi nilikuwa mwenye ploti ya upande wa chini na nyinyi mlikuwa waombaji. Nikatia sahihi hivyo hivyo. Ile ya kwanza nilirudi nayo kwenye mkoba, na nadhani ndiyo hii ninayokuandikia sasa, kwa sababu ilikuwa lazima iende kwa mtu.

Siku ya mkutano wa kusikiliza pingamizi walisimamisha hema hapo hapo kwenye ploti yako, palipokuwa zizi. Viti vya plastiki, spika, chifu, watu wa mipango, na mchoraji wa ramani wa Kimani, kijana nadhifu aliyebandika michoro mikubwa kwenye ubao. Ilikuwa mizuri, Mama Njeri. Balkoni, miti, watoto wamechorwa wakiendesha baiskeli. Watu walipiga makofi.

Nilisimama nikasoma karatasi yangu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Watu wa kukataa maendeleo hawakosi," na wengine wakacheka. Nilisoma mpaka mwisho nikakaa. Nilihisi kama nimetukana mtu msibani.

Halafu mama akaomba kuongea. Nilimshika mkono tukasogea mbele. Akaniuliza kwa sauti, kila mtu akisikia, "Wamechora nini hapo?"

Nikamwelezea. Fleti, miti, baiskeli.

"Na nyumba yangu iko wapi?"

Nikatazama. Haikuwepo. Mahali petu palikuwa pameachwa patupu, pamepakwa rangi ya kijani kidogo kama bustani.

"Haipo, mama," nikasema.

Kijana wa ramani akasimama akaeleza kwa adabu kwamba mchoro ni wa ploti ya waombaji tu, ya majirani huwa hawaionyeshi. Hakuwa anadanganya. Mama akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Kisha akageuka, siyo kwa wakubwa, akageukia mahali alikosikia pumzi ya Njeri.

"Njeri," akasema. "Mimi sikukatazi kujenga. Mama yako alinipa mahali nikajenga, mimi nitakukataza vipi? Nakuomba usinifunike. Basi."

Hakukuwa na makofi. Njeri aliinamisha kichwa akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, akakitafuta muda mrefu.

Ningependa kukuambia kwamba maneno hayo yaligeuza mambo. Mambo yalikwenda tu kama yanavyokwenda. Walikuja watu na kamba za kupimia, wakaingia kwetu, wakapiga picha nyufa za zamani, wakaondoka. Tulikaa bila habari hata mama akaacha kuuliza. Mwishowe jibu likatoka: ruhusa imetolewa, kwa masharti. Ghorofa sita badala ya nane. Jengo lisogezwe nyuma, mbali na ukuta wetu, mtu aweze kupita na mkokoteni. Bomba jipya la maji taka wajenge wao kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia.

Watu wananipongeza. Wanasema nimeshinda. Kimani anasema nimemharibia hesabu zote, na hanisalimii tena. Asubuhi hizi malori yanamwaga mawe tangu watu hawajanywa chai. Vumbi limeingia kwenye sukari. Ukuta wa baba umepata ufa mwembamba karibu na mlango, injinia wao amekuja akauangalia, akasema haujambo, akaupaka simiti. Jioni naupitishia kidole nione kama umeongezeka. Mwanga bado upo, sehemu yake. Mama anasema unatosha, lakini mimi nimemwona akisogeza kiti chake mara nyingi zaidi kuliko zamani. Hivyo ndivyo kushinda kulivyo, na kama ningejua kunachosha hivi, sijui.

Jumapili moja baada ya ibada Njeri alikuja. Hakupiga hodi kwangu, alienda moja kwa moja kwa mama, akakaa chini kwenye mkeka na nguo zake za kanisani. Mama akampapasa uso, akasema, "Umekonda." Njeri akalia. Nilitoka nikaenda kupika chai kwa sababu sikujua kama nimeruhusiwa kuwepo.

Nilimsindikiza mpaka njiani. Mafundi walikuwa wamepumzika, palikuwa kimya.

"Mum angekuwa hai ungefanya hivi?" akaniuliza.

"Angekuwa hai nisingehitaji kufanya."

Alitazama shimo la msingi, kina chake na maji machafu yaliyojikusanya chini.

"Bado nimekukasirikia, Nafula. Nisikudanganye."

"Najua."

"Lakini nitakuja kumwona mama."

Na anakuja. Si kila Jumapili, ila anakuja. Mimi namwekea chai, yeye anasema asante. Wakati mwingine mama anasimulia kitu kuhusu wewe, sote wawili tunacheka kwa wakati mmoja, halafu tunakumbuka na tunaacha. Labda itapona. Labda tutazeeka hivi, kila mmoja na kikombe chake. Sina nguvu ya kuisukuma.

Nimejaribu kukusikia ukisema lolote kuhusu jambo hili. Siku nyingine nakusikia ukinigombeza: hao ni watoto wangu, Nyambura, walikuwa na haki ya kujisaidia. Siku nyingine nakusikia ukimgombeza Kimani kwa ajili ya mama, na sauti yako inafika mpaka barabarani. Nimegundua mimi ndiye ninayekuchagulia maneno kulingana na nilivyoamka, kwa hiyo nimeacha. Wewe umelala, na sisi ndio tulioachwa na ploti hizi mbili na hakuna mtu katikati.

Nisikuchoshe zaidi. Pumzika, Mama Njeri. Uliyotutendea hayajasahaulika hata siku moja, hata siku ile niliposimama chini ya hema nikiwa na karatasi isiyoyataja. Nikiulizwa tena, nitapinga tena. Na ungekufa tena, ningekulilia tena vilevile, kwa sauti ile ile, nikiwa nimemshika Njeri kiuno. Mambo haya mawili sijaweza kuyapatanisha. Nayabeba yote.

Mimi,
binti wa jirani yako.